Viua Vilivyolewa

Juzi mjukuu wangu alikuwa anatafuta rimoti, akafungua lile sanduku la chini ya kitanda ambalo haruhusiwi kuligusa. Rimoti hakuipata. Alichotoka nacho ni kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, isiyokwisha, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, sindano bado imechomekwa na uzi wake. Akaigeuzageuza, akaweka kidole pembeni, akauliza, "Bibi, hapa mbona viua vimelewa?"

Nikamnyang'anya. Nikamwambia kuna sindano, itamchoma. Ana miaka tisa, si mtoto wa kudanganyika kwa sindano.

Sasa nyinyi mnaonifahamu mnakumbuka kofia niliyokuwa naidarizi Ramadhani ya 2019, ile niliyowaambia wote kwamba ilikwisha nikampa mkwe wangu wa Pangani siku ya Idd. Mkwe wa Pangani nilimpa kanzu. Kofia ndiyo hiyo.

Wakati ule tulikuwa wanawake saba kwenye kundi la simu, na kilichotukutanisha ni sindano. Shoga yangu wa Muscat, Mpemba wa Wete aliyeolewa huko, alikuwa anashona kofia za Kiomani, ambazo ukizitazama vizuri ni dada wa hizi zetu. Mama Pacha wa Moshi, muuguzi mstaafu, Mlutheri, alijiunga ili atuuzie vitambaa vya makochi. Hajauza hata kimoja, na hajatoka. Ikifika saa tatu usiku habari za uzi zimekwisha, tumeingia kwenye presha, magoti, watoto wasiopiga simu, na nani aombewe dua. Mama Pacha na yeye alikuwa anaomba kwa namna yake, na hakuna aliyemwambia asiombe.

Kwamba nina sukari walijua. Wasichojua ni kwamba mwezi wa Shaaban daktari alikuwa ameniambia vidonge vyangu vya glibenklamidi havipatani na saumu, vinaishusha sukari hata kama hujala. Nirudi baada ya wiki anibadilishie dawa, ndipo tuzungumze habari ya kufunga. Na ikitokea nimefunga, nipime, na ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 nifungue hapo hapo, hata kama muadhini ameshashika kipaza sauti. Sikurudi. Badala yake kila alfajiri nikawa naandika kwenye kundi: "Saumu njema wapenzi, leo ya kumi na mbili, nguvu tele alhamdulillah."

Nilifunga kwa ajili ya Mungu, naapa. Lakini pia nilifunga kwa sababu mimi ni mtu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, na Ngamiani moshi wa jiko la kila mtu unajulikana umetoka saa ngapi.

Mfungo wa ishirini na moja nikachelewa daku. Naamka muadhini anakohoa, nikabugia kidonge kwa chai ya usiku na tende moja, basi. Kidonge sikukisahau. Chakula ndicho nilichokiacha.

Saa kumi na nusu jioni nilikuwa mkekani ukumbini. Mvua ilikuwa imekatika dakika ile ile, bati bado linadondosha. Jirani anakaanga tambi, harufu ya iliki imevuka ukuta, imeingia ndani, imekaa. Shoga wa Muscat alikuwa ameuliza kiua kinafungwaje kisilegee baada ya kufuliwa, nami nikabonyeza simu nikarekodi sauti. Nikamweleza kwamba unatoboa kwa sindano nene bila kukata nyuzi za kitambaa, unazisukuma tu zipishe, kisha unazungushia uzi na kuuvuta mpaka tundu lisimame lenyewe. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka nilivyosema. Kwa maelezo yake yeye, nilisema unatoboa, unatoboa, mvua, zipishe, halafu nikacheka.

Nikaendelea kushona. Na hapa ndipo panaponitisha mpaka leo, kuliko jasho, kuliko kutetemeka: niliona nashona vizuri kuliko siku zote. Sindano inaingia yenyewe. Mkono mwepesi. Gauni limenigandia mgongoni, nikasema ni joto la baada ya mvua. Mistari ya penseli inachezacheza juu ya kitambaa, nikasema ni macho ya saumu. Moyo unaenda mbio, nikasema nimekunywa chai kali. Kila dalili nilikuwa nayo jibu lake, na majibu yote niliyaona yana akili.

Simu ikalia.

"Shoga, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umesema nini mle?"

"Nimekueleza kiua."

"Hebu rudia."

Nikamwambia kama kushona hakumwingii akilini aache kushona, akapike. Nikakata. Mimi si mtu wa kukata simu, hata wanaonidai siwakatii.

Haijapita dakika mbili, Mama Pacha.

"Dada, nitajie watoto wako, kuanzia wa kwanza."

Nikaanza na wa tatu. Nikaenda wa nne. Nikarudi kwa wa tatu.

"Haya. Sukari iko wapi hapo nyumbani?"

"Nimefunga."

"Najua umefunga. Sukari iko wapi?"

"Magharibi bado, Mama Pacha. Bado saa moja na nusu."

"Dada, nimekaa wodini miaka thelathini na moja. Dhambi iandikwe kwangu, shehe wako nitampigia mwenyewe. Inuka."

Nilivyofika jikoni sikumbuki. Nakumbuka kopo la sukari, lile lililokuwa la maziwa ya unga, na kifuniko kinachokataa. Nakumbuka sauti yake ikitoka kwenye simu niliyoiweka juu ya kinu: vijiko vitatu, maji, koroga. Kijiko kikagonga kikombe, na mlio ule nikausikia mkubwa kama kengele ya shule, nikajua barabara zote ishirini na moja za Ngamiani zimesikia bibi anakoroga kitu mchana wa Ramadhani.

"Kunywa nisikie."

Nikanywa.

"Sijasikia. Meza tena."

Nikameza huku nalia, machozi na maji ya sukari vinaingia kwa pamoja. Na utamu ule, Mungu anisamehe, sijapata kuonja kitu kitamu kama kile maishani mwangu. Nilikuwa naona haya na huku natamani kikombe kisiishe. Nilipoinua macho mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga wa kalmati. Akakitazama kikombe, akaitazama simu, akarudi uani bila neno.

Tangu adhuhuri alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Namtetea: mimi nikifunga hununa, kwa hiyo kunyamaza kwangu mle ndani hakukuwa habari.

Robo saa baadaye Mama Pacha aliniamuru nipime. 3.1. Hiyo ni baada ya sukari. Kabla yake ilikuwa ngapi nashukuru sikupima. Vijiko vitatu vingine, robo saa nyingine, halafu mkate. Akanionya nisilale bila kula, maana vidonge vile hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku. Saa sita usiku akapiga mwenyewe kuhakikisha nimepima. Saa tisa akapiga tena, akasema ameamka kwa ajili ya maji ya kunywa. Sikumwamini.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Daktari alinibadilishia dawa na kunisema, nami nilistahili. Shehe nilimwendea mwenyewe kabla Mama Pacha hajapata namba yake. Akanikumbusha Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, kwamba mgonjwa ana ruhusa na kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Kwa kuwa ugonjwa wangu si wa kupona kesho, akasema nitoe kibaba cha chakula kwa kila siku. Ile iliyovunjika na zilizobaki, vibaba tisa: pishi mbili na kibaba cha mchele. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Shehe hakukunja hata uso, na kukosa kule kukaripiwa kukaniacha sina pa kushika.

Kundini nilisema nilipata presha kidogo. Wawili waliojua wakanyamaza. Kesho yake alfajiri, na mkate mdomoni, nikaandika: "Saumu njema wapenzi, leo ya ishirini na mbili." Shoga wa Muscat akanijibu kwa picha ya kikombe. Kikombe tu.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Watu hawa sijawahi kuwaona kwa macho. Niliwaeleza mambo ya ndoa yangu ambayo dada yangu wa tumbo moja hayajui, na hao hao nikawaongopea kila alfajiri kwa siku ishirini. Labda kwa kuwa walichokuwa nacho changu ni sauti peke yake, ilipoharibika waliisikia. Nyumbani wananiona mzima mzima, nani atakaa asikilize kipande? Au labda ni bahati tu. Siku ile shoga angeniuliza kwa maandishi, ningemjibu kwa maandishi, na sijui maandishi yangu yangekuwaje.

Basi mjukuu hakuachia. Jioni akairudia kofia, tukaitazama pamoja chini ya taa. Mstari unaanza vizuri, kiua kwa kiua, juu ya penseli. Kinachofuata kinateleza kidogo. Kisha mstari unaiacha kabisa penseli, unapanda kama mtu anayetafuta njia gizani, na vile vitatu vya mwisho vimepandiana. Halafu sindano.

"Ulikuwa unasinzia?" akauliza.

"Kama hivyo."

"Naweza kuivaa Idd?"

"Haijakwisha."

"Si uimalize?"

Nikaushika uzi nikauvuta taratibu, ukakatika. Uzi wa miaka yote hiyo. Akaivaa hivyo hivyo, duara la juu halijashonewa, nywele zimetokeza kileleni, ikamshuka mpaka masikioni. Akachukua simu yangu akajipiga picha, upande ule ule uliolewa, maana anasema ndio mzuri. Akaniuliza aitume kwa nani.

Nikamwambia aiache kwanza. Nikatafuta miwani, nikakaa nikaandika haya.