Upande wa Mlima

Julai 2018 nilimrudisha mama nyumbani Machame, Kilimanjaro, kwa ndege. Alikuwa amekaa kwangu Dar wiki saba akitolewa mtoto wa jicho, kwanza la kushoto, kisha la kulia. Njia ya Dar aliijua kwa basi tu: Chalinze, Korogwe, Mombo, Same, anafika miguu imevimba. Nikasema safari hii mama atauona mlima kutoka juu, tena kwa macho mapya.

Wiki nzima nikawa nahangaika na kiti. Watu hudhani dirisha ni dirisha. Ukitoka Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo Usambara, Pare na Kilimanjaro yenyewe vyote viko mkono wa kulia. Ukirudi, kushoto. Halafu uijue na ndege. Yetu ilikuwa ya pangaboi, zile ambazo mabawa yako juu ya madirisha na hayazibi kitu. Kinachoziba ni injini. Kwenye jeti kubwa bawa liko chini, na aliyepangiwa katikati ataangalia bati mpaka afike.

"Naomba dirisha la kulia, nyuma kidogo ya injini," nikamwambia dada wa kaunta.

Akanitazama. "Kaka, ni safari ya saa moja tu hii."

"Ni ya mama."

Akatupatia.

Nilichosahau ni jua. Tuliruka saa moja na nusu asubuhi, na upande ule ule wa milima ndio jua linakochomoza. Tulipotulia tu hewani likaingia lote dirishani, likampiga mama usoni. Miwani yake nyeusi ilikuwa kwenye begi, na begi liko tumboni mwa ndege.

"Baba, hili jua linanichoma."

Kabla sijajibu alishavua mtandio, akaupachika dirishani, akaukandamiza kwa bega na kufumba macho. Dirisha nililolipigania wiki nzima likageuka pazia la maua ya zambarau. Same tuliipita hivyo hivyo, nadhani. Niliijua kwa saa ya mkononi.

Nilinuna, sifichi. Nilinuna kama mtoto.

Ndege ilipoanza kushuka rubani akatangaza kwamba mlima unaonekana upande wa kulia. Waliokaa kushoto wakanyanyuka, simu zikapita juu ya vichwa vyetu. Mama akafumbua macho. "Wanatafuta nini hawa?"

"Mlima, mama."

Akauvuta mtandio.

Chini lilitanda lile wingu zito la Julai, linalovifunika vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, wiki nzima bila kuachia. Juu yake alisimama Kibo, kilele kikuu, mweusi kwa sababu jua lilikuwa mgongoni kwake, na ukingo wa kilele unawaka kama mdomo wa chungu. Kando yake Mawenzi, amechongoka ovyo kama gunzi lililotafunwa na ng'ombe. Uani kwetu Mawenzi haonekani, Kibo amemkinga kwa bega.

"Yule Mawenzi!" mama akasema kwa sauti mpaka watu wakageuka. "Yule aliyepigwa na mwenzake kwa kuombaomba moto kila siku!"

Kisha akanyamaza, paji la uso limegusa kioo.

"Barafu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ile michirizi pale, na kile kipande pale juu.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nilijua ni macho yangu."

Niliwahi kusoma kwamba mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita 12 za mraba, na kufikia 2011 hazikutimia hata 2. Sikumwambia. Ningemwambia ili iweje?

Hapo ndipo tairi liliposhuka. Kwenye ndege ya aina ile yetu magurudumu ya nyuma hutoka ndani ya nyumba ya injini, na kwa ujanja wangu wa kuchagua kiti tulikuwa tumekaa jirani nayo kabisa. Vifuniko vikafunguka, mguu mnene wa chuma ukajinyoosha mbele ya macho ya mama. Akanibana mkono kwa kucha.

"Kumetoka kitu!"

"Ni tairi, mama. Tunatua."

Hakuliondolea macho tena. Alilifuata mpaka lilipogusa lami, likatoa kamoshi, likaanza kuzunguka.

Jioni majirani wakaja na ndizi na maziwa kumpa pole ya macho. Wakakuta habari ni nyingine. Mara tatu nilimsikia akieleza jinsi mguu ule ulivyojikunjua kama wa kuku anayeamka, na mara zote tatu alisimama kuonyesha.

"Na mlima je, uliuona?" mmoja akauliza.

"Niliuona. Mawenzi mzima mzima," akasema. "Sasa lile tairi..."