Taa ya EPS na usukani mzito: nilivyoufuata umeme hadi kwenye bolti

Gari langu ni kigari kidogo cha Kijapani cha cc 1300, kimeingia Dar kikiwa mtumba kama mengi tunayoendesha. Kilianza tabia ya ajabu. Barabarani usukani mwepesi kabisa, lakini ukifika maegesho ukaanza kukata kona hapo hapo ulipo, kiyoyozi kinafanya kazi na taa zimewashwa, ghafla unakuwa mzito kama wa lori na taa ya EPS, yaani ya mfumo wa umeme unaosaidia kuzungusha usukani, inawaka kwenye dashibodi. Unazima gari, unawasha, taa haipo na usukani umerudi hali yake.

Fundi wa kwanza akasema, "Bosi, hapa ni kuongeza oili ya stering tu." Nikamfungulia boneti anionyeshe pa kuimimina. Hapakuwa na pa kuimimina. Gari la namna hii halina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini wala kikopo cha oili. Lina mota ya umeme iliyofungwa kwenye kolamu ya usukani, chini ya dashibodi, na kompyuta yake ndogo. Ndani ya kolamu mna fimbo ya chuma inayojinyonga kidogo sana unapozungusha usukani. Sensa inasoma mnyongo huo, kompyuta inaangalia na mwendo wa gari, kisha inaiamuru mota isaidie kiasi gani: sana ukiwa polepole, kidogo ukiwa kasi.

Fundi wa pili alilijua hilo vizuri, ila yeye alitaka tubadilishe kolamu nzima, angenitafutia ya mtumba eneo la Gerezani siku ile ile. Nikamwambia asubiri. Ugonjwa unaojitokeza pale tu gari linapotumia umeme mwingi, mimi huutafuta kwenye umeme kwanza. Na mota ile ni mlaji: taa mbili za mbele za wati 55 kila moja hazifiki ampea 10 zikijumlishwa, wakati mota ya usukani, gari likiwa limesimama, inaweza kuvuta ampea makumi kadhaa kwa mkupuo.

Kile kidude cha bluetooth cha kusoma hitilafu, cha kuchomeka chini ya dashibodi, kilidai gari ni zima. Sikushangaa, maana programu nyingi za simu husoma kodi (namba za hitilafu) za injini tu, zile zinazoanza na P, na za usukani huanza na C. Nikalipia skana kamili kwa fundi umeme. Kodi iliyotoka ilitaja voltiji ndogo inayoingia EPS. Haikugusa sensa wala mota.

Hapo nikachukua multimita. Betri, gari limezimwa: volti 12.6. Injini ikiunguruma: 14.1. Wengi wakiona hivyo wanafunga boneti, betri nzima, alteneta nzima. Lakini namba hizo zinapimwa juu ya betri yenyewe. Hazikuambii umeme unarudije betri kupitia chuma cha bodi. Nikaweka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma cha bodi, kisha nikamwomba mwanangu azungushe usukani taratibu gari likiwa limesimama, injini inaunguruma. Namba iliyokuwa karibu na sifuri ikapanda hadi kupita volti 1. Pale haitakiwi kuzidi 0.2 hivi. Volti nzima ilikuwa inapotelea kwenye waya wa ethi, ule mweusi unaotoka betri kwenda kwenye bodi.

Nikafungua bolti yake. Kichwa cha waya kilikuwa kimekalia rangi! Upande ule uliwahi kunyooshwa bodi, na aliyepuliza rangi alipuliza pote, waya ukaja kufungwa juu yake. Umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu, na kichwa chenyewe kimejaa unga wa kijani. Nikatoa kwanza hasi ya betri, nikapiga msasa pande zote mbili hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu kuzuia unyevu. Mita ikasoma 0.05, huku kiyoyozi, taa na waipa vyote vimewashwa. EPS haijawaka tena.

Baadaye, kwenye alaimenti ya tairi, usukani ulichomolewa ukarudishiwa, na likaja jambo jingine: ukikata kulia unajirudisha wenyewe, ukikata kushoto unazubaa. Tairi na upepo vilikuwa sawa. Fundi umeme akaipanga upya sifuri ya ile sensa ya mnyongo kwa skana, gari kwenye sakafu tambarare, tairi zimenyooka. Akanifukuza nikae mbali na usukani. Ukiushika wakati huo, hata kwa kidole, kompyuta inaandika uzito wa mkono wako kuwa ndiyo sifuri, na unatoka hapo na gari linalovuta upande.

Kuna uzito mwingine ambao si ubovu. Ukizungusha usukani huku na huku muda mrefu gari likiwa limesimama, mota inapata moto na kompyuta inapunguza msaada ili isiungue. Jirani aliliazima gari amfundishe binti yake kurudi nyuma, akanipigia: usukani umekuwa mzito. Nikamuuliza, taa imewaka? Haijawaka. Nikamwambia wazime, wakanywe chai, wakirudi waendelee.