Jinsi nilivyofufua randa ya chuma iliyoliwa na kutu

Randa yenyewe ni Stanley namba 4, yenye jino la upana wa inchi 2. Kabla ya kuhangaika na kutu nilikagua nyufa kuzunguka mdomo, ule mwanya wa chini ambamo jino hutokea. Chuma cha kalibu kikishapasuka hapo, usipoteze nguvu zako.

Skrubu zilizogoma nilizitia mafuta ya kupenya usiku kucha. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote wa skrubu. Ikikataa bado, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Usiharibu hata moja, maana uzi wa skrubu za randa hizi si wa kawaida na mbadala wake ni wa kusaka.

Jino na vyuma vidogo vilikaa kwenye siki nyeupe saa 12 hivi, kisha nikavisugua, nikavisuuza kwa maji yenye magadi, nikavikausha na kuvipaka mafuta papo hapo. Ukichelewa dakika chache tu, kutu ya rangi ya chungwa inarudi. Mwili sikuutumbukiza, kwani siki ingeweza kubandua rangi nyeusi ya ndani. Huo nilisugua kwa msasa na mafuta ya taa.

Soli, yaani uso wa chini wa randa, niliinyoosha kwa msasa namba 80 uliogandishwa juu ya kioo kinene. Jino liwe ndani, limerudishwa juu lisiguse msasa, na kibanio kinacholishika kimekazwa kama wakati wa kazi, kwa sababu mkazo huo hupinda mwili kidogo. Nilichora mistari ya maka peni nikasugua hadi ikafutika sehemu tatu: ncha ya mbele, ukingo ulio mbele ya mdomo, na kisigino. Kibonde kidogo kwingineko hakina madhara. Nikamalizia na namba 120, kisha 220. Kuna wanaoing'arisha mpaka wajione sura. Randa haikati kwa sura.

Jino lilihitaji mgongo bapa milimita chache tu za mwisho. Nilinoa makali kwa nyuzi 25, nikamalizia ncha kwa nyuzi 30. Hata hivyo maranda yalikwama mdomoni. Kosa halikuwa kwenye makali bali kwenye lile bamba linalokaa juu ya jino: nilipoviinua pamoja kwenye mwanga, mwanya ulionekana pembe moja, na humo ndimo maranda yalipojipenyeza. Nilinoa ukingo wa bamba kwenye jiwe namba 1000, mkia wake ukiwa chini kidogo ya usawa wa jiwe ili sehemu ya mbele kabisa ndiyo ibane. Sasa naliweka milimita 1 nyuma ya makali. Kwa mbao zenye nyuzi zilizopindana, karibu milimita 0.3.

Mpini ulikuwa ukicheza kwa kuwa mbao husinyaa na boliti inafika mwisho kabla ya kubana. Washa moja (kipete bapa cha chuma) chini ya nati ilitosha.

Wakati wa kurekebisha kina, gurudumu la kusogeza jino huwa na ulegevu kidogo. Ukirudisha jino juu, malizia kwa kuzungusha gurudumu upande wa kulisukuma jino mbele, la sivyo jino litarudi nyuma katikati ya ubao.