Alifika saa sita

Jana nimerudi nyumbani na hasira, bandugu. Tulikuwa tunachagua wavulana wa raga kutoka shule za hapa Lubumbashi, na kijana wangu mmoja, yule wa njia ya Kasenga anayekimbia kama ameona nyoka, akafika saa sita, tumeshamaliza. Lori lilipasuka tairi. Nikaomba wachaguzi wenzangu wampe hata dakika kumi. Wapi!

Nikakumbuka tarehe 2 Novemba 2019, tumebanana kwa jirani mtaani Kenya (Kenya yetu, siyo ile ya Nairobi), saa tano asubuhi, tukiangalia fainali ya Yokohama. Makazole Mapimpi akafunga trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), ya kwanza kabisa ya Afrika Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia. 32-12, Waingereza kwisha. Mtu huyo katoka kijiji cha Tsholomnqa na kusoma huko huko. Kwao Afrika Kusini, ngazi inayojulikana ya kupanda hadi timu kubwa ni Craven Week, mashindano ya wanafunzi wa majimbo tangu 1964, na wachaguzi hupenda kuzunguka shule zenye jina. Siya Kolisi, nahodha wao siku ile ya fainali, alionekana akiwa na miaka 12, akasomeshwa bure. Mapimpi? Jezi ya taifa aliivaa 2018, na miaka 27. Miaka yote hiyo nani alikuwa anamwangalia?

Kijana alilala kwetu. Asubuhi nimemkuta uani, miguu mitupu, anarusha mpira juu ya kamba ya nguo, mama watoto anamgombeza juu ya mashuka yake.