Binti yangu na vitabu vilivyomzidi umri

Binti yangu alijua kusoma kabla hajaanza darasa la kwanza, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa kanga. Nina duka la kanga na vitenge Ngamiani, Tanga, naye alikuwa akishinda nami dukani tangu anatambaa. Wateja wakichagua kanga huuliza jina lake, nami huwasomea. Siku moja nilikuwa namkatia mtu kitenge, nikasikia sauti nyuma ya kaunta ikimsomea mama mmoja: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Alikuwa na miaka minne na miezi. Nilidhani amekariri tu, nikamfunulia kanga mpya ambazo hata mimi sikuwa nimezitazama. Akazisoma zote.

Darasa la kwanza na la pili ni miaka ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Wenzake walikuwa wanaunganisha silabi, yeye alikuwa amemaliza kitabu cha darasa kabla ya Februari kwisha. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wengi na mikono miwili. Akampa kazi ya kukusanya madaftari. Jioni mtoto ananiambia, "Mama, leo sikusoma kitu." Nilijua njaa ninayoiona, ila sikujua chakula chake.

Kosa langu la kwanza lilitokana na fahari. Alipofika darasa la tatu, akiwa na miaka minane, mjomba wake alihama nyumba akatuachia katoni la vitabu alivyovisoma alipokuwa chuo cha ualimu. Mtoto akachomoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Nikamwambia anisomee ukurasa mmoja. Akasoma kama maji, hata vituo akavizingatia. Basi nikajisemea, anaweza, asome. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukisoma. Kama ningeuliza, ningeambiwa kwamba riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971 na kwamba iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kuja kufundishwa sekondari. Ni kitabu kikubwa, cha watu wazima, kimeandikwa kwa ujasiri. Lakini mtoto hakufika hata kwenye yale mambo yaliyowatia watu hofu. Alikwama mwanzoni kabisa, pale baba anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana.

Usiku ule alikuja kitandani kwangu. "Mama, baba anaweza kumpiga mtu hivyo kwa barua?" Nikamjibu kijuujuu, akanyamaza. Kwa zaidi ya wiki moja hakugusa kitabu chochote, na baba yake akipandisha sauti kidogo, hata kwa sababu ya mpira redioni, mtoto anaacha anachofanya na kumtazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba macho yake yalikuwa yamekua haraka kuliko moyo wake. Nikaona aibu, kwa sababu nilichokipima kwenye ule ukurasa mmoja kilikuwa ulimi tu.

Nikaruka upande wa pili. Nikavifungia vitabu vya mjomba kabatini, nikamnunulia vile vyembamba vya picha nyingi na sentensi tano kwa ukurasa. Alikuwa anavimaliza tumesimama bado dukani kwa muuzaji. Hapa niseme jambo ambalo wazazi wenye watoto wa aina hii wanalijua: kwa Kiswahili, kati ya kitabu chembamba cha sungura na fisi na riwaya ya watu wazima kuna bonde pana, na daraja zake ni chache. Watu wakanishauri nimhamishie kwenye vitabu vya Kiingereza kwa kuwa ndivyo vilivyo vingi. Sikukataa Kiingereza, kitamfaa, lakini Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuokoteza, na mimi nilitaka akili yake ipate kazi kwa lugha ambayo tayari anaiota usiku.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa maktaba ya mkoa. Nilimweleza yote, na hata lile la Rosa sikumficha. Hakunipa orodha. Aliniuliza, "Anapenda kujua nini?" Nikabaki nimesimama. Nilikuwa najua anachoweza kusoma, ila anachotaka kujua sikuwa nimewahi kumuuliza. Akaniambia nisome mimi kwanza kila kitabu, hata kama ni nusu, na mtoto akimaliza nisimwombe muhtasari, nimwache aniulize yeye maswali. Asiyekuwa na swali, kitabu kimempita juu au kimempita chini.

Tukaanza na Kusadikika ya Shaaban Robert. Kilitoka mwaka 1951, ni kifupi, na mwandishi ni mtu wa huku kwetu Tanga, jambo ambalo mtoto alilipenda sana. Kiswahili chake ni kigumu, na ndicho nilichokuwa natafuta. Tulisoma kurasa chache kila usiku baada ya Isha, ukurasa wake, ukurasa wangu. Nchi iliyoning'inia angani aliichora kwenye daftari la hesabu, na swali lake la kwanza lilikuwa watu wa huko wanachimba wapi visima. La pili lilikuwa zito. Mhusika mkuu, Karama, anashitakiwa, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na mambo ya manufaa akatiwa gerezani. Tulipofika kwa mjumbe wa tatu, mtoto akafunga kitabu. "Mama, mbona wanaorudi na vitu vizuri ndio wanaofungwa? Si wangeacha kuwatuma?" Mimi kitabu hicho nilikisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, nikakariri majina ya wahusika na dhamira. Swali hilo sikuwahi kulifikia. Tukakaa nalo usiku mzima, kitabu hatukukiendeleza.

Baadaye tukasoma Adili na Nduguze, na hapo nilikuwa na wasiwasi. Mle ndani mtu anawachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Nikajiuliza, yule aliyelia kwa kipigo cha barua atavumilia hiki? Hakushtuka. Alimhurumia Adili, akataka kujua kama manyani wanasikia maumivu ya kinyani au ya kibinadamu, akalala usingizi wake. Asubuhi nikamuuliza kwa nini kile kingine kilimtisha. Alijibu huku anafunga viatu: "Hawa ni wa hadithi, Mama. Yule Rosa anaweza kuwa dada wa nyumba ya pili."

Jibu hilo ndilo ninalochagulia vitabu mpaka leo. Siangalii tena kama ndani kuna kifo au kipigo au wizi. Ngano alizosimuliwa na bibi yake zina majitu yanayomeza vijiji vizima, na hazijamnyima mtoto usingizi hata siku moja. Ninachotazama ni umbali: jambo hilo linasimama wapi na yeye? Liko ng'ambo ya "paukwa, pakawa", au liko uani kwetu? La ng'ambo analitazama na kulichezea akilini. La uani linamwingia mwilini, na linahitaji mtu mzima akae pembeni yake, au lisubiri.

Kwa kipimo hicho hicho nikampa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, aliyoshindia shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58. Dada yangu alinishangaa: unampa mtoto habari ya mtu aliyeuawa? Kweli, kuna maiti. Lakini akili yote ya kitabu iko kwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anayetazama alama ndogo ambazo wengine wamezikanyaga. Maiti pale ni fumbo. Mtoto alianza kutembea na daftari akiandika "ushahidi", na kwa siku mbili alifanya uchunguzi nani anakula sukari ya bibi. Nilisoma sura zote kabla yake, na sehemu moja ya mazungumzo ya watu wazima nilimwambia wazi kwamba hii tutairuka, nikamweleza sababu. Sikuificha. Mtoto anayesoma vizuri akifichwa kitu atakitafuta peke yake, na akikipata peke yake hana wa kumuuliza.

Vingine vilivyomfaa sikuvitegemea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa mfano. Niliiweka mezani kwa ajili ya maneno ya Shaaban Robert, nikamkuta anaisoma yenyewe kama hadithi, herufi baada ya herufi, akicheka anapokuta neno la bibi yake limo. Atlasi ya shule. Kijitabu cha cherehani ya fundi wangu, mpaka fundi akawa anamwita yeye uzi ukikatika. Watoto wa namna hii hawasomi hadithi tu, na nilipoacha kuhesabu hadithi peke yake kuwa ndiyo kusoma, lile bonde lilipungua upana.

Na ushairi. Huu nauweka juu ya vyote. Mama yangu ni mtu wa Pangani, hana cheti chochote, lakini mizani anaihesabu kwa vidole huku anapeta mchele. Akamfundisha mjukuu wake kwamba utenzi una mizani minane kila mshororo, mishororo minne, mitatu ya kwanza ikipokezana kina kimoja, na shairi la kawaida lina kumi na sita zilizogawanywa nane kwa nane. Kwa mtoto mwenye akili inayokimbia, hakuna kitu kigumu na salama kama hicho. Ugumu wote uko kwenye umbo, hakuna kinachomuumiza. Wiki ya kwanza alirarua karatasi na kulia kwa sababu mizani zilikuwa tisa. Wiki ya pili akaniletea huu:

Paka wetu amechoka
Kamusini kajiweka
Na mimi neno nataka
Nani atamuamsha?

Nilihesabu mara mbili. Zilikuwa nane nane.

Nimekosea pia kwa kuvidharau vitabu vyembamba. Nilidhani anayesoma Kusadikika hana haja tena na sungura. Jioni moja nikamkuta chini ya mwembe anamsomea mdogo wake kitabu cha picha, anabadilisha sauti, fisi ana sauti ya baba yao. Alikuwa na miaka minane, na miaka minane ina haki zake. Tangu siku hiyo kila tukienda maktaba, kitabu kimoja tunachagua pamoja, kimoja anachagua yeye bila mimi kutia neno, hata akichukua cha darasa la kwanza. Na ana ruhusa ya kuacha kitabu katikati. Hiyo ilinigharimu kuizoea, maana mimi nimelelewa kwamba chakula kilichopakuliwa kinamalizwa.

Kwa mwalimu nilirudi mara tatu. Ya tatu nilikwenda na kitabu mkononi badala ya malalamiko. Tukakubaliana kwamba akimaliza kazi ya darasa afungue kitabu chake, na Ijumaa awasimulie wenzake sura moja. Sasa kuna watoto wengine wawili wanaokuja nyumbani kuazima.

Ana miaka kumi sasa. Mwezi uliopita alinikuta nimekaa kando ya kabati na Rosa Mistika, hatimaye nimeimaliza, na macho yangu yalikuwa mekundu. Akaniuliza kinahusu nini hasa. Nikamweleza kwa maneno yangu, kwa ukweli, kadiri nilivyoona anaweza kubeba: msichana, baba mlevi, watu waliopaswa kumlinda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakichukua, akatafuta penseli, akaandika kitu ndani ya jalada na kukirudisha mwenyewe kabatini. Nilipokwenda kutazama nikakuta ameandika: "Kidato cha Pili. Na Mama."