Ritifaa ya Mwalimu

Mswada ulinifikia kwa barua pepe Ijumaa jioni, faili moja la maandishi matupu. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyeandika habari za utoto wake, nami nilipewa kazi ya kuuhariri. Ukurasa wa kwanza ulisomeka vizuri. Wa pili nikakutana na "ngâ€™ombe".

Nikadhani ni kosa la mchapaji. Nikafuta, nikaandika upya. Mistari miwili mbele, "ngâ€™ambo". Kisha "kungâ€™ara", kisha ng'ombe tena, zizi zima, kila mmoja na zile alama tatu shingoni: a yenye kofia, alama ya yuro, na TM ndogo iliyopandishwa juu. Maneno mengine yote yalikuwa salama. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini nilikuwa nimechoka na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imekaribia. Nikafungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, juu nikabandika zile alama tatu, chini nikaacha patupu, nikabonyeza "badilisha zote". Nikazifagia na nyingine za ukoo huo, â€œ na â€� na zilizofuata. Mswada ukatakata. Nikauhifadhi juu ya ule ule, nikamrudishia Mwalimu.

Alinipigia asubuhi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee ukurasa wa 11, pale baba anapotuonyesha visiki."

Nikasoma: "Baba akasema, ngoa."

"Ngoa ni nini?"

Nikakosa la kusema. Ngoa ni tamaa, ni wivu. Baba yake alikuwa amewaamuru watoto wang'oe visiki.

"Ritifaa ile si pambo," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Ukiiondoa, umeondoa sauti."

Nilikuwa nimeliharibu faili langu, ila kiambatisho kwenye barua pepe kilikuwa bado kama alivyokituma. Safari hii sikugusa kitu. Nilikaa kwanza nielewe ninachokiona.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na lazima pawe na mapatano ya namba ipi ni herufi ipi. Mapatano ya zamani ya ASCII, ya mwaka 1963, yana nafasi 128 tu. Herufi zote za Kiswahili zinaenea humo, hata ritifaa iliyonyooka, ambayo ni namba 39. Ndiyo maana maandishi yetu hupita salama karibu kila mahali. Lakini programu nyingi za kuandikia huichukua ile ritifaa iliyonyooka na kuipinda zenyewe ili ipendeze, na iliyopinda haimo katika zile 128. Katika UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Programu yangu ilikuwa imelifungua faili kwa mapatano mengine, Windows-1252, ambayo kila baiti kwake ni alama moja kamili. Ikasoma 226, ikaandika â. Ikasoma 128, ikaandika €. Ikasoma 153, ikaandika ™. Mwalimu hakukosea popote. Faili lake lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyelisoma kwa lugha isiyo yake.

Nikalifunga, nikalifungua upya, na safari hii nikachagua UTF-8 katika orodha ya usimbaji ambayo siku zote nilikuwa nikiipita bila kuitazama. Ng'ombe wote wakarudi zizini kwa mara moja. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Isipokuwa sura ya sita. Humo palibaki almasi ndogo nyeusi zenye alama ya kuuliza ndani, 19 kwa hesabu yangu. Sura hiyo ilikuwa imepitia kompyuta nyingine kabla ya kunifikia, na huko programu fulani ilikuta baiti isizozielewa, ikazitupa na kuweka almasi mahali pake. Hapo hakuna usimbaji wa kuchagua, kwa kuwa almasi ni ile ile bila kujali kilichotupwa kilikuwa nini. Nyingi niliziziba kwa maana: "ng�oa" haiwezi kuwa kingine. Moja ilinishinda.

"Mama akaondoka �nitarudi� akafunga mlango."

Mwalimu ana mazoea ya kuchomeka maneno yake mwenyewe kati ya vistari virefu, —nitaeleza—, —nitarudi hapo—, anapotaka msomaji amsubiri. Kwa hiyo huenda ni yeye aliyekuwa akituahidi kuwa atalirudia jambo hilo. Au zilikuwa alama za usemi, na mama ndiye aliyesema. Nikageuza kurasa zilizofuata nione kama analirudia. Mama hakutajwa tena hadi mwisho wa kitabu.

Nikampigia, nikamsomea sentensi yote, nikamuuliza ni vistari au ni usemi.

Alikaa kimya kwa muda, hata nikatazama simu nione kama imekatika.

"Alisema," akajibu. "Weka alama za usemi. Alisema kwa sauti, na mimi nilimsikia."