Mshipa wa moyo uliobana nusu: navyopima presha kabla ya kuweka stenti

Mshipa uliobana asilimia 90, na mgonjwa anabanwa kifua akipanda ngazi, hauna mjadala. Ugumu uko kwenye ule unaoonekana umebana asilimia 50 hadi 70. Hapo macho hayatoshi, hata yawe ya mzoefu, na mimi siweki stenti (kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi) mpaka nimepima kwa waya wa presha, yaani waya mwembamba wenye kihisio cha presha.

Kazi huanzia wodini. Kafeini huzuia adenosini, dawa ya kutanua mishipa midogo wakati wa kupima, kufanya kazi; mishipa midogo haitanuki vya kutosha, na namba hutoka nzuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo chai na kahawa ni marufuku saa 24 kabla. Kumwambia mgonjwa "usile" hakusaidii, maana wengi hawaihesabu chai kuwa chakula. Namuuliza waziwazi: "Mama, tangu jana umekunywa chai? Hata ya rangi?" Mwenye pumu simpi adenosini.

Baada ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naweka naitrogliserini mikrogramu 200 ndani ya mshipa ili usijikaze. Waya nausafisha kwa maji ya chumvi na kuuweka kwenye sifuri, kisha nausogeza hadi kihisio kifike mdomoni mwa katheta, mrija uliofika mlangoni mwa mshipa wa moyo. Hapo natoa ile sindano ya kuingizia waya (ikibaki, presha inavuja na usawazishaji unakuwa wa uongo), nasawazisha presha mbili, ya kihisio na ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni) inayosomwa kupitia katheta, ndipo napita hadi kihisio kiwe sentimita 2 hadi 3 baada ya kuvuka palipobana.

Adenosini inakwenda kwa mshipa mkubwa wa mkono, mikrogramu 140 kwa kilo kwa dakika. Mgonjwa atahisi kifua kizito na pumzi kukata. Aambiwe mapema, la sivyo atashtuka na kujitikisa. Kabla ya kusoma, narudisha katheta nyuma kidogo. Ikiziba mdomo wa mshipa, presha ya aota inashuka na uwiano, yaani presha ya kihisio ikigawanywa kwa ya aota, unapanda kwa uongo.

Uwiano wa 0.80 au chini, nazibua, na waya huohuo ndio unaopitisha puto na stenti. Ukizidi hapo, dawa zinatosha. Utafiti wa FAME wa 2009 ulionyesha njia hii inapunguza stenti, na pia vifo, mishtuko ya moyo na kurudia kuzibua vikijumlishwa, ndani ya mwaka mmoja.

Lakini uamuzi haufanywi kabla ya kurudisha kihisio mdomoni mwa katheta. Pale uwiano uwe 1.00. Ukipishana kwa zaidi ya 0.03, nasawazisha upya na kupima tena.